Sarufi ya Kifaransa kwa Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vitabu vingi vya Kifaransa vimeandikwa kwa ajili ya msomaji anayefikiri kwa Kiingereza. Anayefikiri kwa Kiswahili akivishika hupata hasara mara mbili: anatishwa na mambo ambayo ulimi wake huyafanya kila siku, halafu yale yanayomsumbua kweli yanapitwa mbio. Majibu haya yanajaribu kurekebisha hilo. Yanaanza na ya msingi na kuishia na ya pembeni, na pale yanapogusana utaelekezwa namba ya swali.

## Kabla ya yote

1. Nianze na nini?

Anza na vitenzi viwili: *être* (kuwa) na *avoir* (kuwa na). Vikariri mpaka vitoke mdomoni bila kufikiri, kwa sababu mbali na kazi zao wenyewe ndivyo vinavyojenga wakati uliopita (swali la 16).

*Être*: je suis, tu es, il/elle est, nous sommes, vous êtes, ils/elles sont.
*Avoir*: j'ai, tu as, il/elle a, nous avons, vous avez, ils/elles ont.

Sikiliza vizuri *ils sont* (wao ni) na *ils ont* (wana). Ya kwanza ina sauti ya s katikati, ya pili ina z. Kwa sikio tofauti ni hiyo tu, na ukiikosa umebadilisha maana ya sentensi nzima.

2. Mbona herufi nyingi zinaandikwa lakini hazitamkwi?

Tumezoea Kiswahili, ambacho unachokiona ndicho unachokisoma. Tahajia ya Kifaransa kwa sehemu kubwa imebaki kwenye matamshi ya karne zilizopita, wakati ulimi uliendelea na safari yake. Konsonanti za mwisho kwa kawaida hunyamaza: *petit*, *grand*, *temps*, *vous*. Herufi c, r, f na l husikika mara nyingi (*avec*, *mer*, *neuf*, *sel*), ila r ya mwisho wa vitenzi kama *parler* haisikiki. Konsonanti iliyonyamaza inaweza kufufuka neno linalofuata likianza kwa irabu: *les amis* husomwa kama "lezami".

Hili linagusa sarufi moja kwa moja. *Livre* na *livres* hutamkwa sawasawa, kwa hiyo s ya wingi ni ya macho tu. Anayesikiliza anajua ni kitabu kimoja au vingi kwa kusikia kijineno cha mbele: *le livre*, *les livres*. Kumbe katika mazungumzo wingi wa Kifaransa unasikika mwanzoni, kama ki- na vi- za kitabu na vitabu. Elekeza sikio huko.

3. Alama za é, è, ê na ç nikiziacha nitaeleweka?

Wakati mwingine utaeleweka, wakati mwingine utasema jambo jingine. *Marche* ni hatua au tembea. *Marché* ni soko. *Ou* ni "au", *où* ni "wapi". *A* ni "ana", *à* ni "kwenye". Alama ya chini ya ç huifanya isomwe kama s mbele ya a, o na u, ndiyo maana tunaandika *garçon* na *nous commençons*.

Alama ya kofia ndiyo yenye msamaha kidogo. Marekebisho ya tahajia yaliyochapishwa katika gazeti rasmi la Ufaransa tarehe 6 Desemba 1990 yanaruhusu kuiacha juu ya i na u kwenye maneno mengi: *coût* au *cout*, *maîtresse* au *maitresse*, yote sahihi. Lakini *sûr* (mwenye hakika) imebaki na kofia yake ili isichanganywe na *sur* (juu ya).

## Nomino na vijineno vyake

4. Kwa nini meza iwe ya kike? Ina uke gani?

Haina. Neno "jinsia" ndilo linalopotosha hapa. Mbona hatuulizi kwa nini kiti kiko katika ngeli ya KI-VI na meza katika ya I-ZI? Tunasema "kiti hiki kizuri" na "meza hii nzuri", basi. Kifaransa nacho kina ngeli, ila ni mbili tu: moja imepewa jina la kiume, nyingine la kike. *Une table* iko katika ya pili, *un livre* katika ya kwanza, na maneno yanayoambatana nayo hufuata upatanisho. Kwa mtu aliyelelewa na upatanisho wa kisarufi, ngeli mbili ni likizo.

Tofauti moja ya kuangalia: kwetu, kiongozi au kipofu ana umbo la ki- lakini upatanisho wake ni wa kiumbe hai (kiongozi amefika). Kifaransa hakina huruma hiyo. *La personne* na *la victime* ni za kike hata ukimzungumzia mwanamume mwenye ndevu, na kila kinachofuata kinakuwa cha kike: *la victime est arrivée*.

5. Sawa, lakini nitajuaje neno liko upande gani?

Jifunze neno pamoja na kijineno chake, usilibebe peke yake. Usiandike "table = meza" kwenye daftari; andika *une table*. Nashauri *un* na *une* badala ya *le* na *la*, kwa sababu mbele ya irabu *le* na *la* zote hugeuka *l'* na siri inafichika: *l'école* haikuambii kitu, *une école* inakuambia.

Mwisho wa neno nao husaidia. Yanayoishia kwa -tion, -sion, -ette na -ure mengi mno ni ya kike (*la nation*, *la voiture*), na vilevile -té ya majina ya dhana kama *la liberté* na *la beauté*. Ya -ment, -isme, -eau na -age kwa kawaida ni ya kiume (*le gouvernement*, *le bateau*, *le voyage*). Waasi wapo, nao ni maneno ya kila siku: *la page*, *la plage*, *l'image*, *l'eau* na *la peau* ni ya kike, *l'été* na *le côté* ni ya kiume.

Kuna pia maneno yanayobadili maana kwa kubadili jinsia: *le livre* ni kitabu, *la livre* ni ratili, *le tour* ni mzunguko, *la tour* ni mnara.

6. Kiswahili hakina *le*, *un* wala *du*. Nitumie kipi, lini?

Hapa ndipo penye kazi, na usikubali mtu akuambie ni jambo dogo. Tunasema "nataka maji" na yametosha. Kifaransa kinataka ueleze: maji gani, kiasi gani. Wanasarufi huviita vijineno hivi vibainishi, na nomino ya Kifaransa haipendi kutembea bila kimojawapo.

*Un, une, des*: kitu kinatajwa kwa mara ya kwanza, au ni kimoja kati ya vingi. *J'ai acheté un livre*: nimenunua kitabu, hujui kipi.

*Le, la, les*: msikilizaji anajua ni kipi. *Le livre est sur la table*: kitabu kile tunachokijua. Ukiona Kiswahili chako kinataka kuongeza "kile" au "yule", au kuweka kiambishi cha mtendwa (nimekisoma kitabu), mara nyingi unahitaji *le* au *la*.

*Du, de la, de l'*: kiasi fulani cha kitu kisichohesabika. *Je bois du café*: nakunywa kahawa, yaani kiasi fulani, si kahawa yote ya dunia.

Sasa mtego. Unapokizungumzia kitu kwa ujumla wake, Kifaransa hutumia *le, la, les*. *J'aime le café* maana yake napenda kahawa kama kahawa. Kwa hiyo mtu anapenda *le café* lakini anakunywa *du café*. Kanuni ya haraka: baada ya *aimer*, *adorer*, *préférer* na *détester*, weka *le, la, les*, baada ya kula, kunywa na kununua kitu kisichohesabika, weka *du* au *de la*.

Kazi ya mtu ni mahali pamoja ambapo tunapumzika: *je suis professeur*, bila kijineno, kama "mimi ni mwalimu". Endelea na swali la 23 ukitaka undani.

7. Kwa nini *je n'ai pas de voiture* na si *pas une voiture*?

Baada ya kukanusha, *un, une, des, du* na *de la* hunywea na kuwa *de*. Kitu hakipo, hakuna cha kuhesabu. Vivyo hivyo baada ya neno la kiasi: *beaucoup de livres*, *un kilo de sucre*, *assez de temps*. *Le, la, les* hazibadiliki: *je n'aime pas le café*. Na *être* ina msamaha wake: *ce n'est pas une voiture*, kwa kuwa hapo hukanushi kuwepo kwa gari, unakanusha kwamba kitu hicho ni gari.

8. *L'*, *au*, *aux*, *du* zinatoka wapi?

Zote ni ufupisho wa lazima. *Le* na *la* hupoteza irabu mbele ya irabu (*l'ami*), sawa na *je*, *de*, *ne* na *que* (*j'aime*, *qu'elle*). *À* ikikutana na *le* inakuwa *au*, ikikutana na *les* inakuwa *aux*. *De* ikikutana na *le* inakuwa *du*, na *les* inakuwa *des*. Pamoja na *la* au *l'* hakuna kinachobadilika. Usiseme kamwe *à le* ukifikiri unajitahidi kuwa wazi. Ni kosa tu.

Herufi h haitamkwi, lakini ziko h za aina mbili: *l'homme* inafupishwa, *le héros* haifupishwi. Kamusi nyingi huweka kialama mbele ya zile zisizofupishwa.

## Vivumishi na umiliki

9. Kivumishi kinakaa wapi, na kinabadilika vipi?

Kwa kawaida nyuma ya nomino, kama kwetu: *un livre rouge*, kitabu chekundu. Hubeba jinsia na idadi ya nomino: *petit, petite, petits, petites*. Mara nyingi unaongeza e ya kike na s ya wingi. Vingine hugeuka zaidi: *heureux* huwa *heureuse*, *actif* huwa *active*, *beau* huwa *belle* (na *bel* mbele ya nomino ya kiume inayoanza kwa sauti ya irabu: *un bel homme*).

Kikundi kidogo hutangulia nomino: *beau, joli, bon, mauvais, grand, petit, gros, jeune, vieux, nouveau*. Na viko vinavyobadili maana kwa kubadili kiti. *Ma propre chambre* ni chumba changu mwenyewe. *Ma chambre propre* ni chumba changu kisafi. *Un pauvre homme* ni mtu wa kuonewa huruma, hata kama ana mali. *Un homme pauvre* hana kitu mfukoni.

10. *Son* na *sa*: moja ni ya mwanamume na nyingine ya mwanamke?

La. Swali hili huulizwa na waliopitia Kiingereza kwanza. Sahau Kiingereza, rudi nyumbani: tunasema "kitabu chake" na "watoto wake", na -ake inafuata kinachomilikiwa, haijali mwenye nacho ni nani. Kifaransa ni hivyohivyo. *Son livre* ni kitabu chake, awe ni yeye wa kike au wa kiume. *Sa maison* ni nyumba yake, *ses enfants* ni watoto wake.

Jambo moja tu la ziada: mbele ya irabu, *ma, ta, sa* huwa *mon, ton, son* hata kwa neno la kike, ili ulimi usikwame. *Mon amie*, rafiki yangu wa kike.

## Vitenzi

11. Maumbo ya vitenzi ni mengi mno. Nitayakariri yote?

Hapana. Vitenzi vinavyoishia kwa -er ndivyo vingi kuliko vyote na vyote hufuata njia moja: *je parle, tu parles, il parle, nous parlons, vous parlez, ils parlent*. Kwa sikio, manne kati ya hayo sita ni sauti moja. Kundi la pili ni la -ir kama *finir* (*je finis, nous finissons*). Kundi la tatu ni vichwa ngumu, na bahati mbaya humo ndimo waliomo wanaotumika kila dakika: *aller, faire, venir, pouvoir, vouloir, prendre, dire*. Jifunze kimoja kwa wiki. *Aller* inajifanya ya -er lakini si yao: *je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont*.

Wakati uliopo wa Kifaransa unafanya kazi ya na- na hu- kwa pamoja. *Je mange* ni "nakula" na pia "mimi hula". Ukitaka kusisitiza kwamba jambo linatendeka sasa hivi, iko *je suis en train de manger*.

12. Naweza kuacha *je*, *tu*, *il* kama tunavyoacha mimi, wewe, yeye?

Huwezi. Usizilinganishe na mimi na wewe. Zilinganishe na ni-, u- na a-. Huwezi kusema "-nasoma" bila kiambishi, vivyo hivyo huwezi kusema *parle* peke yake, isipokuwa unaamuru. Mimi, wewe na yeye za kusisitiza ni *moi, toi, lui, elle*: *Moi, je reste*, mimi nabaki.

*On* nayo ni nafsi. Kwa umbo ni ya tatu umoja (*on va*), lakini katika mazungumzo ya kawaida ndiyo "sisi". Utaisikia kuliko *nous*.

13. Lini *tu*, lini *vous*?

*Vous* ni ninyi, na pia ni wewe wa heshima kwa mtu mmoja. Mtu mzima usiyemjua, mteja, mkubwa kazini: *vous*. Rafiki, ndugu, mtoto: *tu*. Ukiwa na shaka anza na *vous* na usubiri mwenzako aseme *on peut se tutoyer*, yaani tuachane na *vous*. Kitenzi hubaki cha wingi, lakini kivumishi humfuata mtu mwenyewe: *vous êtes gentille, madame*, bila s.

14. Kwa nini kukanusha kunahitaji maneno mawili?

Tazama Kiswahili chako: anasoma, hasomi. Kitenzi kimebanwa mbele kwa ha- na nyuma kwa -i. *Ne* na *pas* hufanya hivyo: *il ne lit pas*. Badala ya *pas* unaweza kuweka *jamais* (kamwe), *rien* (chochote), *personne* (mtu yeyote), *plus* (tena). Katika wakati uliopita kinachobanwa ni kitenzi kisaidizi: *je n'ai pas mangé*.

Mitaani *ne* humezwa: *je sais pas*. Sikiliza, elewa, lakini unapoandika irudishe. Na *plus* inahitaji sikio kali: *j'en veux plus* ikitamkwa na s mwishoni ni "nataka zaidi", bila s ni "sitaki tena", huku *ne* ikiwa imemezwa. Chakula kimewahi kuondolewa mbele yangu kwa sababu ya s hiyo moja.

15. Njia za kuuliza ni tatu, nitumie ipi? Na "ndiyo" ni *oui* siku zote?

Panda sauti mwishoni: *Tu viens ?* Au tanguliza *est-ce que*: *Est-ce que tu viens ?* Au geuza: *Viens-tu ?* Ya kwanza ni ya maongezi, ya tatu ni ya maandishi na adabu, ya pili inafaa kila mahali. Kazi ya *est-ce que* ni ileile ya "Je," yetu mwanzoni mwa swali. (Usiichanganye na *je* yao, ambayo ni "ni-". Kila anayeanza huchekeshwa na hili siku ya kwanza.) Ukigeuza na irabu zikagongana, t huingia katikati: *parle-t-il ?*

Kuhusu majibu, tahadhari. Kwetu mtu akiulizwa "Hujala?" anaweza kujibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sijala. Mfaransa akiulizwa *Tu n'as pas mangé ?* na hajala, hujibu *non*. Akiwa amekula hujibu *si*. *Oui* haina nafasi hapo.

16. -me- na -li- katika Kifaransa ni zipi?

Zote mbili hubebwa na *passé composé*: *j'ai mangé* ni "nimekula" na pia "nilikula". Inaundwa kwa *avoir* au *être* ikifuatwa na *participe passé*, umbo la jambo lililokwisha kutendeka: *mangé, fini, vendu, fait, pris*.

*Imparfait* ni kwa yale ambayo tungesema "nilikuwa": hali iliyokuwapo, mazoea, au jambo lililokuwa likiendelea lingine lilipoingia. *Je lisais quand le téléphone a sonné*: nilikuwa nikisoma simu ilipolia. *J'étais petit*, nilikuwa mdogo. Kipimo hiki hakikosei mara nyingi: "nilikuwa" iende *imparfait*, tukio lililofika mwisho liende *passé composé*.

Kwa -ta- anza na *aller* na kitenzi: *je vais manger*. *Je mangerai* itakuja yenyewe baadaye.

17. Vitenzi gani vinatumia *être* badala ya *avoir*?

Vichache, vingi vya kwenda na kuja au kubadili hali: *aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, rester, tomber, retourner, naître, mourir, devenir*, pamoja na vyote vyenye *se* (*je me suis lavé*, nimejiosha). Hapo *participe* hupatana na mtenda: *elle est allée, ils sont allés*.

Vikipata mtendwa vinahamia *avoir*. *Je suis descendu*, nimeshuka. *J'ai descendu les valises*, nimeshusha masanduku. Sisi tuna kiambishi cha kushusha, wao wanabadili kitenzi kisaidizi.

18. Ni kweli wanasema "nina njaa"?

Ni kweli, na hapa tuko pamoja nao: *j'ai faim*, nina njaa, *j'ai soif*, nina kiu, *j'ai sommeil*, nina usingizi, *j'ai vingt ans*, nina miaka 20. Bora zaidi ni *il y a*. *Y* ni "huko", *a* ni "-na" ya kumiliki: huko-na, yaani "kuna"! Ila *il y a deux ans* ni "miaka miwili iliyopita", si "kuna miaka miwili".

19. *Je t'aime*: mbona mtendwa yuko kabla ya kitenzi?

Kwa sababu ileile inayotufanya tuseme nakupenda, si "napenda-ku". *Je le vois*, namwona au nakiona; *je les vois*, nawaona au naviona; *je lui parle*, nazungumza naye. Mahali huwa *y* (*j'y vais*, naenda huko). Kiasi huwa *en* (*j'en ai deux*, ninavyo viwili).

Kosa letu liko penginepo. Tunasema "nimemwona mwalimu", -mw- na mwalimu kwa pamoja. Kwa Kifaransa cha kuandika chagua kimoja: *j'ai vu le professeur* au *je l'ai vu*.

## Mambo ya pembeni

20. Kwa nini *les lettres que j'ai écrites* imeongezwa -es?

Kwa kawaida *participe* yenye *avoir* haibadiliki: *j'ai écrit les lettres*. Mtendwa akitangulia kitenzi, inapatana naye. Waza "barua nilizoziandika": barua zimetangulia, nasi tunazidaka kwa -zo- na -zi-. Kanuni hii ilipigiwa debe na mshairi Clément Marot katika karne ya 16, akiwaiga Waitaliano. Katika maongezi husikika kwa vitenzi vichache tu, kama *faite*, *prise*, *écrite*. Usipoteze usingizi mwaka wa kwanza.

21. *Subjonctif* ni ngumu kama wanavyosema?

Umbo ni la kukariri; wazo tunalo. Ni ile -e ya mwisho katika "nataka aondoke": *je veux qu'il parte*. "Lazima uje": *il faut que tu viennes*. "Ili ajue": *pour qu'il sache*. Na mtenda akiwa mmoja, lugha zote mbili hurudi kwenye kitenzi kisichonyambuliwa kwa nafsi: nataka kuondoka, *je veux partir*. Hata "natumaini atakuja" inalingana, kwani *espérer que* haichukui *subjonctif*: *j'espère qu'il viendra*.

Panapoachana ni kwenye shaka. Sisi tunasema "sidhani kama atakuja", wao *je ne pense pas qu'il vienne*.

22. 70, 80 na 90 zinahesabiwaje?

Ufaransa: *soixante-dix* (60 na 10), *quatre-vingts* (20 mara nne), *quatre-vingt-dix*. Ubelgiji na Uswisi husema *septante* na *nonante*, na ndivyo ilivyo Kongo (DRC), Rwanda na Burundi, zilizotawaliwa na Ubelgiji. Baadhi ya majimbo ya Uswisi yana *huitante* pia. Popote utaeleweka. S ya *quatre-vingts* huanguka namba nyingine ikifuata: *quatre-vingt-un*. *Mille* haipokei s kamwe.

23. *C'est* au *il est*?

Nomino yenye kijineno huchukua *c'est*: *c'est un médecin*, *c'est une bonne idée*. Kazi bila kijineno, au kivumishi cha mtu fulani, huchukua *il est* au *elle est*: *elle est médecin*, *il est grand*. Kivumishi kinachosifia jambo zima hurudi *c'est*: *c'est beau*.

24. Mbele ya jina la nchi niweke *en* au *au*?

Nchi ya kike, au ya kiume inayoanza kwa irabu: *en Italie, en Iran*. Ya kiume yenye konsonanti: *au Japon, au Canada*. Ya wingi: *aux États-Unis*. Mji: *à Paris*. Jina linaloishia kwa e kwa kawaida ni la kike. *Le Mexique, le Mozambique, le Cambodge* na *le Zimbabwe* hazifuati.

25. Neno jipya likiingia, nani anaamua jinsia yake?

Wazungumzaji, hata pale wakubwa wanapotaka vingine. Académie française, chombo cha kulinda lugha ya Kifaransa kilichoanzishwa mwaka 1635, ilitamka mwezi Mei 2020 kwamba iwe *la covid*, kwa kuwa huo ni ugonjwa na *maladie* ni ya kike. Kufikia hapo watu wengi Ufaransa walikwisha kuzoea *le covid*, na wengi hawakurudi nyuma. Majina ya kazi nayo: Québec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, ilianza kupendekeza maumbo ya kike mwaka 1979, Académie ikayakubali Februari 2019. Ndiyo maana utakutana na *madame le professeur* katika maandishi ya zamani na *la professeure* katika ya sasa. Ukimwandikia mtu, tumia umbo analolitumia mwenyewe.